Wanafunzi wa Jina wa Borovnik

Borovnik, 12 Oktoba

Shikamoo Shangazi Milojka,

Natumaini u mzima, na kwamba ule ukungu wa Ljubljana bado haujaanza kukukalia kifuani. Sisi huku hatujambo. Jozi zimeshaanikwa darini na nyumba nzima inanuka maganda. Mama bado anavuka mpaka kila siku kwenda Gorizia, Italia, kuwahudumia wazee wa ile nyumba, na mwezi huu wamempa zamu ndefu. Baba ana mbao nyingi kiwandani kuliko wateja. Kaka Jernej anamalizia kazi kule kambini kando ya mto; wageni wa mitumbwi wameondoka na sasa anakunja mahema.

Bibi anakusalimu. Jicho la kushoto linaona mwanga tu. La kulia linaona kwamba kuna mtu dirishani, ila halijui ni nani. Amenikataza tena kukupigia simu kwa niaba yake. Anasema simu ni ya kuita zimamoto. "Mwandikie mwanangu," ameniambia, "naye akijibu nikusikie ukifungua karatasi." Kwa hiyo ukijibu, Shangazi, kumbuka kwamba nitamsomea kila mstari.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu leo. Jumatatu mshauri wa shule yetu, Bi Kenda, alituita sisi wa mwaka wa mwisho atuulize tunataka kusomea nini. Zamu yangu ilipofika nilisema: teknolojia ya mbao, hapa hapa Borovnik, kwenye chuo cha ng'ambo ya daraja. Bi Kenda alivua miwani.

"Brina, chagua kingine. Kozi ile huenda isipokee wanafunzi wapya mwakani. Kuna utafiti."

"Utafiti wa nani, mwalimu?"

"Wa wachumi wa Ljubljana. Wanachunguza kozi zipi zinastahili fedha za serikali na zipi zinazipoteza. Wizara itaamua kwa kuufuata."

Kijana mmoja nyuma yangu akaniita kwa jina la ukoo, "Lapajne, si shangazi yako ni mmoja wao?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Ni wewe, Shangazi? Ninauliza tu. Unajua nimekulia kwenye mashine ya Baba ya kupasua mbao. Yeye anajua kwamba ubao utapinda, na anajua hata utapindia upande gani, lakini nikimuuliza kwa nini, ananiambia nishike ufagio. Mimi nataka kujua kwa nini. Na chuo kiko karibu: naweza kumvalisha Bibi, nikamwachia chai mezani, na bado nikawahi darasa la saa mbili.

Nijibu upesi ukiweza.

Mwanao,
Brina


Ljubljana, 9 Novemba

Brina mwanangu, marahaba,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu kuliko ilivyostahili, unisamehe. Ukungu umeanza. Nyumba yangu ina joto, kazi ni nyingi, na jirani wa juu amejifunza kupiga tarumbeta.

Mwambie Mama, Bibi yako, najua kwamba alinisubiri siku ya makaburi. Nilitaka kuja. Nasikia mliwasha mishumaa bila mimi na kwamba ulisafisha hata jiwe la Babu. Asante. Mwambie pia amalize dawa ya macho na asiifiche nyuma ya radio. Nazijua tabia zake.

Sasa swali lako. Ndiyo, utafiti ni wangu. Nimeuongoza kwa miaka mitatu, na sitaki uusikie kwa vijana wa nyuma ya darasa, kwa hiyo nitakueleza mwenyewe.

Unajua kama kila mtu nchini kwetu anavyojua kwamba wapo wanafunzi wa jina. Mtu anajiandikisha chuoni ili apate kitambulisho; kwa kitambulisho anapata kazi kupitia wakala wa wanafunzi na chakula cha nafuu; darasani hajawahi kuingia. Ukiwahesabu hao pamoja na wengine, kila chuo kinaonekana kibovu. Kwa hiyo tunawaondoa. Kipimo ni rahisi: aliyejiandikisha bila kufanya mtihani hata mmoja, tunamtoa kwenye hesabu. Aliyefanya mtihani tunamchukua kuwa mwanafunzi wa kweli. Kisha tunauliza jambo moja tu: je, alimaliza?

Kozi ya mbao ya Borovnik, hata baada ya kuwaondoa wale wa jina, hata robo ya waliobaki hawafiki mwisho. Hakuna kozi yenye hali mbaya zaidi katika jedwali zima. Sikulipenda jibu hilo, maana pale ni kwetu. Lakini siwezi kuandika ninachopenda.

Kozi ya mbao ipo hapa Ljubljana pia, kubwa na nzuri. Iweke ya kwanza utakapojaza maombi. Chumba cha nyuma ni chako, ukiweza kuvumilia tarumbeta.

Soma kwa bidii.

Shangazi yako,
Milojka


Borovnik, 8 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Sisi ni wazima. Upepo umeng'oa vigae viwili juu ya zizi, na Baba amevirudisha huku akitukana kwa Kitaliano ili Bibi asielewe, ingawa Bibi anakijua Kitaliano kuliko yeye. Bibi anamaliza dawa. Radio nimeihamisha.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika kwenye chumba cha nyuma akasema, "Chumba kizuri kile, kina dirisha." Mimi nitasema zaidi, kwa sababu sehemu hii simsomei: hukuandika ni nani atakayemvalisha soksi asubuhi nikiwa Ljubljana. Mama anatoka kabla ya jua. Baba hawezi hata kuzipata soksi zake mwenyewe. Labda ulisahau.

Nilifikiri sana juu ya kipimo chako, nikaona njia nzuri ni kwenda kuuliza. Nilivuka daraja nikamtafuta Profesa Rutar, anayefundisha mwaka wa kwanza. Nilimkuta akinusa kipande cha mwaloni.

"Wewe ni wa Lapajne wa mashine?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi wewe pia ni wa Lapajne wa Ljubljana, aliyetuhesabu. Usiogope, binti. Mimi nami ninahesabu. Njoo Ijumaa uone wageni wangu."

Nilikwenda. Shangazi, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa. Kila mwaka, wiki ya Mtakatifu Nikolai, mapema Desemba, Profesa anawapigia simu wote walioandikishwa kwake ambao hajawahi kuwaona. Anawaambia: ndugu yangu, unapata kazi kwa jina la chuo changu, unakula chakula cha nafuu kwa jina la chuo changu, njoo basi siku moja ukae mbele yangu ufanye mtihani kama mtu. Na wanakuja! Wanaona haya. Walikuwa chumba kizima: dada mmoja anayeuza dukani Nova Gorica, bwana mwenye ndevu anayeendesha gari la vifurushi, wengine wa kwenye baa, na kijana mmoja ninayemfahamu. Mke wa Profesa alikuwa amepika chai kwenye sufuria kubwa na keki ya matufaha. Mezani palikuwa na vipande vya mbao, na kila mmoja alitakiwa ataje mti.

"Hii ni nini?" Profesa alimuuliza yule kijana ninayemfahamu.

"Ubao, Profesa."

"Wa mti gani?"

"Wa mti uliokatwa."

Walicheka mpaka mtu akamwaga chai. "Sifuri," Profesa akasema, akiandika. "Kata keki, kaa chini. Na wewe mwenye ndevu?"

"Mimi ningesema msonobari."

"Ungesema hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu ndio mti pekee ninaoujua jina."

Yeye alipata sifuri na nusu. Wote walianguka mtihani, wote walikula, wakamshukuru Profesa na kurudi kwenye kazi zao. Hawatarudi tena hadi wapigiwe simu.

Nikiwa namsaidia mke wa Profesa kukusanya vikombe niliuliza, "Profesa, vyuo vingine nao huwaita?"

"Nani ana muda huo? Nilipowasimulia wenzangu wa Ljubljana walinicheka. Kwao mwanafunzi wa jina haonekani kabisa."

Shangazi, umeona? Wa vyuo vingine hawafanyi mtihani hata mmoja, kwa hiyo unawaondoa. Wa kwetu wanafanya mmoja, kwa sababu Profesa anawatia haya nao wanamwonea haya, kwa hiyo unawabakiza na kuwaita wanafunzi wa kweli walioshindwa. Kozi yetu si mbovu. Ina adabu tu.

Naomba urekebishe. Ninaandika kwa heshima.

Brina


Ljubljana, 3 Januari

Brina mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Sikuweza kuja Krismasi kwa sababu ya ripoti ya wizara. Nilishampigia baba yako akawaeleza. Nimemtumia Mama soksi za sufu zisizobana. Ni rahisi kuvaa.

Simulizi yako ya chai nimeisoma, na inapendeza. Lakini kipimo ni kimoja kwa vyuo vyote. Nikikibadilisha kwa ajili ya mwalimu mmoja mwema, kesho kila chuo kitaniletea sufuria yake. Wewe uliona wageni wa mwaka mmoja. Mimi nina miaka mingi na majina maelfu. Isitoshe ripoti imeshakabidhiwa.

Yule kijana unayemfahamu ni nani?

Jiandae kwa mitihani yako. Usivuke daraja wakati wa barafu bila sababu.

Milojka


Borovnik, 19 Januari

Shikamoo Shangazi,

Soksi zimefika. Bibi amezigusa akasema ni sufu ya dukani, lakini anazivaa. Baridi ni kali, mashine ya Baba haiwaki mpaka aipashe moto, na Mama ana mafua aliyoyatoa Gorizia.

Umeuliza kijana yule ni nani. Nilikuwa nimeamua nisimtaje. Sasa hakuna tena cha kuficha, maana mambo yalilipuka Jumapili mezani, na Bibi alikuwapo.

Tulikuwa tunakula jota, ule mchuzi wa maharage na kabichi chachu. Mimi nilikuwa nimeisoma barua yako mara nyingi. Nikamwambia Jernej, "Nyinyi ndio mnaoiua kozi yangu."

"Sisi akina nani, bibie?"

"Nyinyi mnaoandika jina mkaenda kukunja mahema. 'Wa mti uliokatwa'! Ulijiona mjanja sana."

"Mimi ndiye niliyewachekesha. Bila mimi ile ingekuwa matanga."

"Acheni," Baba akasema, "chakula kinapoa."

"Siachi, Baba. Nafasi ile aliyoishika yeye kwa jina tu ndiyo inanifungia mlango mimi."

Hapo Jernej naye alikasirika, na unajua huwa hakasiriki. "Unadhani lilikuwa wazo langu? Mimi sikujua hata kama kile chuo kina kozi ya mbao! Shangazi ndiye aliyenifundisha. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia: 'Jernej, kama unataka kitambulisho tu, andika Borovnik. Pale nafasi hubaki kila mwaka na hakuna atakayekusumbua.' Hakujua kuna mzee anayepiga simu!"

Nikamwambia ni mwongo. Nilipiga kelele, Shangazi, mimi ambaye unajua sipigi kelele.

Bibi akaweka kijiko chini. "Si mwongo," akasema. "Milojka alisema hivyo. Wakati ule nilikuwa bado naona. Alikuwa anamenya chungwa."

Baba alikwenda kutazama mashine, ingawa ilikuwa Jumapili.

Sitaki uombe radhi. Nataka unijibu maswali mawili tu. Je, ulisema hivyo? Na kama ulisema, ulipoliona jina la Borovnik chini kabisa kwenye jedwali lako, hukumkumbuka Jernej hata kidogo?

Orodha ya kozi za mwakani inatoka mwisho wa mwezi.

Brina


Borovnik, 11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Ni wazima wote.

Orodha imetoka. Kozi ya mbao ya Borovnik haimo. Niliitafuta kwa herufi, kisha kwa mji, kisha nikaisoma orodha nzima toka mwanzo kama mjinga. Bi Kenda aliniwekea mkono begani na kunipa peremende, kana kwamba nina miaka sita.

Hujajibu. Bibi ameuliza kila siku kama mtu wa posta amepita. Jana nilichoka kusema hapana, nikachukua tangazo la duka la matairi, nikalifungua kwa kelele, nikamsomea barua yako. Niliitunga vizuri. Ulisema una kazi nyingi, ukauliza habari za kuku, ukasema utakuja kwa Pasaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Barua nzuri. Ila Milojka hajawahi kuuliza habari za kuku maishani mwake. Nani ameiandika, wewe au Jernej?"

Tulicheka, Shangazi. Halafu mimi nikalia na yeye akaendelea kucheka, kwa sababu haoni.

Tafadhali andika, hata kama ni kunikemea.

Brina


Ljubljana, 2 Machi

Brina mwanangu,

Msomee Mama barua hii yote. Usiruke kitu.

Kuhusu aliyosema Jernej: alisikia vizuri, na Mama anakumbuka vizuri, hata chungwa.

Swali lako la pili nimeshindwa kulijibu kwa wiki tano. Kwa hiyo badala ya kulijibu nilirudi ofisini siku ya mapumziko nikafungua takwimu za Borovnik. Safari hii sikutazama majina wala alama. Nilitazama tarehe. Wale wote tuliowahesabu kuwa wameshindwa, karibu kila mmoja ana mtihani mmoja tu. Ni somo lile lile, wiki ile ile ya Desemba, na baada ya hapo kimya. Iko hivyo mwaka baada ya mwaka, kama saa. Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kuona mtindo kama huo, na haukujificha. Nilikuwa sijautafuta.

Nikawaondoa hao, kama tunavyowaondoa wa vyuo vingine. Waliobaki ni wachache, lakini karibu wote wanamaliza. Kozi iliyokuwa ya mwisho kabisa imepanda juu kuliko ile kubwa ya huku niliyokusifia.

Nilimpelekea mkurugenzi wetu. Akasoma, akasema, "Milojka, nani alikuambia habari za chai?"

"Binti wa kaka yangu."

"Na nitaiandikia wizara kwamba tumerekebisha utafiti wa taifa kwa sababu ya binti wa kaka yako?"

"Waandikie ni kwa sababu ya tarehe."

"Na wakiuliza kwa nini hukuziona mapema?"

Nimeandika marekebisho kwa jina langu mwenyewe, bila jina la taasisi, na nimeyapeleka kwa miguu yangu kwa tume ya wizara inayopanga orodha ya kozi. Waliyapokea na kunigongea muhuri. Kama wataamua haraka, kozi inaweza kuingizwa kwenye awamu ya Agosti ya nafasi za ziada. Sikuahidi kitu. Usiache kuomba Ljubljana kwa kunisubiri mimi.

Kuhusu soksi na ni nani atakayemvalisha, nimeelewa.

Milojka


Borovnik, 25 Machi

Shikamoo Shangazi yangu,

Nilimsomea Bibi yote. Mwishoni aliomba karatasi aishike mwenyewe, akaikunja akaiweka mfukoni mwa aproni. Amesema, "Sasa hii ndiyo ya kwake."

Profesa Rutar nilimweleza kuhusu tarehe. Aliuliza kama aache kuwaita wageni wake wa Desemba. Nilimwambia sijui. Alisema atafikiri, lakini mkewe ameshasema keki itapikwa, mtihani uwepo usiwepo.

Maombi yalifungwa wiki iliyopita. Ljubljana sikuomba. Najua uliniambia. Bi Kenda ananiita kichwa kigumu, Baba amesema ni maisha yangu, na Mama hajasema kitu, lakini ameanza kunigawia nyama kubwa zaidi. Ninasubiri Agosti. Kama marekebisho yako ni ya kweli, na ni ya kweli, kwa nini wasiyafuate? Sioni sababu.

Jernej ameomba nikuandikie kwamba hana kinyongo.

Brina wako


Ljubljana, 6 Agosti

Brina mwanangu,

Hongera kwa matokeo ya mtihani wa taifa. Nimewatangazia ofisi nzima na hata jirani wa tarumbeta.

Tume imejibu. Wanasema marekebisho ni sahihi. Neno hilo wamelitumia wenyewe: sahihi. Wanashukuru. Yatazingatiwa katika orodha ya mwakani, kwa kuwa ya mwaka huu imeshachapishwa na bajeti imeshapitishwa. Nilikwenda, nikapandishwa ghorofa, nikateremshwa, nikaambiwa anayehusika yuko likizo baharini. Nilimpata kwa simu. Nilisikia watoto wake wakirukia maji. Alisema, "Dkt. Lapajne, mwaka mmoja tu, nani atakufa?"

Nimekasirika, mwanangu, kiasi kwamba nimeandika barua hii mara tatu.

Sasa nikushauri kama mtu anayetaka mwaka wako usiwe mgumu. Utahitaji kufanya kazi, na bila kitambulisho hakuna wakala atakayekuchukua. Tazama awamu ya Agosti, jiandikishe popote palipo na nafasi tupu, hata usipokwenda. Mwakani utabadilisha, sheria inaruhusu mara moja. Usiponiandikia nitaelewa kwa nini. Lakini fanya hivyo.

Nitakuja siku ya makaburi. Nimeshakata tiketi.

Milojka


Borovnik, 4 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Sisi ni wazima. Jozi mwaka huu ni chache, ndege walitutangulia. Bibi hawezi tena kuiona hata taa, lakini anasema sasa anazitambua hatua zetu, na kwamba Baba anatembea kama mtu anayetafuta kitu. Amefurahi kuhusu tiketi. Ameniambia nisikusisitizie, kwa hiyo sisitizi.

Ushauri wako nilimsomea kila mtu mezani. Jernej alisema, "Si ndiyo maneno yale yale! Safari hii hakuna chungwa tu." Mama alisema nikubali, kila mtu hufanya hivyo. Baba alisema ni karatasi tu. Hata Bibi alisema, "Andika jina, mtoto, jina haliumi." Nilikwenda chumbani nikafungua ukurasa wa maombi, na nafasi tupu zilikuwapo kweli: jiografia mahali fulani, teolojia mahali fulani. Nilikaa mbele yake mpaka skrini ikazima yenyewe. Niliikasirikia tume na yule bwana wa baharini, na nilikukasirikia wewe pia, Shangazi, nisikufiche. Jina sikuandika.

Kesho yake nilimwendea Profesa Rutar. Aliniambia jambo ambalo hakuna mchumi wala mshauri aliyeniambia: mwaka wa kwanza wapo warudiaji wawili, na kwa kuwa wapo, ni lazima awafundishe masomo yote, tume itake isitake.

"Wawili tu?" niliuliza.

"Wawili, na viti ishirini. Mimi huwa sihesabu viti."

Basi nimeanza kuhudhuria. Sina kitambulisho, sina chakula cha nafuu, na hakuna mtihani utakaoandikwa kwa jina langu. Katika majedwali yako hutaniona popote, hata ukitazama tarehe. Mchana nafagia kwa Baba, naye ananilipa kama fundi mwanafunzi, kwa kununa. Asubuhi Jernej anakaa na Bibi mpaka lifti za mlimani za watelezaji wa theluji zifunguliwe, aende kufanya kazi kule. Ameniambia, "Mimi nina jina bila darasa, wewe una darasa bila jina. Tungekuwa mtu mmoja tungehitimu." Halafu akaniuliza soksi zinaanzia mguu gani.

Jana ilikuwa siku ya kwanza. Nilimwachia Bibi chai, nikavuka daraja, nikakaa nyuma. Profesa aliita majina mawili, wote wakaitika, akafunga kitabu cha mahudhurio. Kisha akainua ubao uliopinda akauliza kwa nini umepinda, na akanielekezea kidole mimi.

Nikasimama, nikajibu.

Brina